Tumbo linalouma Jumapili jioni: Kazi mpya na wenzako wagumu

Mwaka jana, wiki chache baada ya Pasaka, kijana wa miaka 26 aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa na bahasha iliyojaa karatasi za maabara. Alikuwa amezunguka kliniki tatu kwa muda wa wiki saba. Katika ya kwanza aliambiwa ana homa ya matumbo, akapewa dawa za siku kumi. Katika ya pili aliambiwa ni vidonda vya tumbo. Katika ya tatu alipimwa presha, ikapatikana 152 juu ya 96, akaambiwa aanze kumeza vidonge siku hiyo hiyo na asiviache maisha yake yote. Alikuja kuniuliza kama kweli mtu wa umri wake anaweza kupatwa na maradhi matatu kwa mpigo.

Kabla ya kumpima nilimwuliza tumbo humwuma lini. Akafikiri kidogo, kisha akasema: "Daktari, huanza Jumapili jioni, wakati wa habari za saa moja." Na Jumamosi je? Jumamosi haliumi. Pasaka alipokwenda kwao kwa siku nne lilinyamaza kabisa, hata akala maharagwe na pilipili.

Msomaji, vidonda vya tumbo havijui kalenda. Nikaziweka kando zile karatasi, nikamwuliza habari za kazi yake. Alinyamaza kwa muda, halafu machozi yakamlengalenga.

Yeye ni mtayarishaji wa programu za kompyuta. (Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike, na mwenyewe ameniruhusu niandike.) Kabla ya hapo alikuwa akifanya vibarua vidogo vidogo vya kompyuta akiwa peke yake nyumbani. Mwezi Februari aliajiriwa na kampuni moja jijini Nairobi kwa kipindi cha majaribio cha miezi mitatu. Mshahara ulikuwa mzuri, na ulikuwa na wenyewe tayari: karo ya mdogo wake wa kidato cha tatu, deni la mazishi ya baba yao, na kodi ya nyumba.

Katika kazi ile, mtu akimaliza kuandika sehemu yake ya programu haiunganishwi na ya wenzake moja kwa moja. Lazima mwenzake aikague kwanza na kuandika maoni yake mahali ambapo kikundi chote kinayaona. Ni utaratibu mzuri, unaofanana na ule wetu wa hospitali ambapo muuguzi wa pili huthibitisha kipimo cha dawa kabla ya mgonjwa kudungwa. Taabu ni kwamba mkaguzi wa kijana huyu alikuwa mtaalamu mmoja aliyekuwapo tangu kampuni ilipoanzishwa, naye maoni yake yalikuwa ya aina hii: "Nani aliyemfundisha huyu?" Siku nyingine aliandika neno moja tu: "Takataka." Watu kumi na mmoja walilisoma.

Mwili haujui tofauti

Binadamu akitishwa, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga homoni ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, presha hupanda, sukari huongezeka katika damu, na shughuli za tumbo hupunguzwa ili nguvu ziende kwenye misuli. Hayo yote yalikusudiwa kumsaidia mtu kumkimbia chui. Lakini mwili hautofautishi chui na bosi. Tena chui huondoka baada ya dakika chache, ilhali mtu unayeketi naye meza moja hurudi kila siku saa mbili asubuhi. Homoni zile zinapokosa kupumzika, mtu hukosa usingizi, huumwa na kichwa na shingo, tumbo huvurugika, na hasira huwa karibu.

Nilimpima presha mara tatu baada ya kumwacha ameketi kimya kwa dakika kumi: ikashuka hadi 134 juu ya 84. Nikamwazima mashine apime asubuhi na jioni nyumbani kwa wiki moja. Wastani ulikuwa 124 juu ya 79. Hakuwa na ugonjwa wa presha. (Usije ukaacha dawa zako kwa kusoma haya! Wengi wanaopewa dawa za presha wanazihitaji kweli, na uamuzi wa kuziacha si wa mgonjwa peke yake.) Ile "homa ya matumbo" ilitokana na kipimo cha damu cha Widal, ambacho hudanganya mara nyingi mno katika nchi kama yetu. Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha vijidudu vyenyewe kutoka katika damu.

Na vidonda je? Wasomaji wengi huamini kwamba mawazo ndiyo huleta vidonda vya tumbo. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, waligundua bakteria ambayo leo huitwa Helicobacter pylori, nao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Vidonda vingi husababishwa na bakteria hiyo, au na dawa za maumivu kama vile aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Mawazo mengi huweza kuongeza maumivu, na huweza kulifanya tumbo liume bila kidonda chochote, kama la kijana huyu. Alipopimwa bakteria hiyo hakupatikana nayo.

Kwa nini mwenyeji humchukia mgeni

Nimewatibu watu wengi wa kompyuta tangu kampuni zao zilipoanza kujaa upande wetu wa mji, na nimesoma kidogo kuhusu kazi yao ili niwaelewe. Mmarekani Frederick Brooks, aliyeongoza utayarishaji wa programu katika kampuni ya IBM miaka ya 1960, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu katika kazi ya programu iliyochelewa, itachelewa zaidi. Sababu ni kwamba mgeni hawezi kufanya lolote kabla hajafundishwa, na wa kumfundisha ni wale wale waliolemewa na kazi.

Ukilitazama jambo hilo vizuri utaona kwamba katika miezi yako ya kwanza wewe ni mzigo. Si kwa sababu hujui kazi. Ni kwa sababu kila swali lako linatoka katika saa za mtu mwingine ambaye makataa yake hayakusogezwa hata kwa siku moja. Wengine hubeba mzigo huo kwa uungwana, wengine hukutupia. Kujua hivyo hakumfanyi mtu mkali kuwa mwema, lakini kunakuondolea lile wazo linalomla mgeni usiku, kwamba ukali wote ule umetokana na ubovu wake.

Kuna sababu ya pili. Mwaka 1971 Gerald Weinberg aliandika kitabu kuhusu saikolojia ya watu wanaoandika programu, akaonya kwamba mwandishi huiona programu yake kama sehemu ya nafsi yake. Mtu akiikosoa, ni kama amemtukana yeye. Kwa hiyo upande mmoja kuna mkongwe anayeona mgeni anaichezea nyumba aliyoijenga kwa miaka minane. Upande wa pili kuna mgeni ambaye kila kosa analoonyeshwa analisikia kama hukumu.

Wala usidhani ni tabia ya Nairobi. Linus Torvalds wa Finland, aliyeanzisha mfumo wa Linux mwaka 1991, alijulikana duniani kote kwa barua zake za matusi kwa waliomletea kazi yenye kasoro. Mwezi Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akapumzika kwa wiki kadhaa, akasema anahitaji kusaidiwa kuelewa hisia za wengine. Huyo alikuwa na umri wa miaka 48. Basi usingojee mkali wako abadilike kufikia mwisho wa mwezi.

Mkali na mwonevu si mtu mmoja

Hapa ndipo wengi hukosea, nami naomba usome polepole. Mtu mkali husema, "Sehemu hii itaangusha mfumo watu wakizidi elfu moja, irudie." Mwonevu husema, "Wewe hufai." Mkali huwa hivyo kwa kila mtu, hata kwa bosi, ilhali mwonevu huchagua mnyonge. Baada ya kukosolewa na mkali unaondoka umeumia lakini umejua jambo jipya. Baada ya mwonevu umeumia tu. Tena ukimwomba mkali apunguze sauti, mara nyingi hushangaa, kwa sababu hakujua. Mwonevu ukimwomba huongeza.

Nilimwambia kijana wangu alete maoni yote aliyoandikiwa tangu Februari. Tulipoyapanga tulikuta 43. Yaliyokuwa matusi matupu yalikuwa 6. Mengine yote, ukiyaondolea ule ukali, yalikuwa mafunzo ya kweli, na mengi yao alikuwa ameshayafuata bila yeye mwenyewe kutambua. Sita ni mengi, hata moja lisingefaa. Lakini kichwani mwake alikuwa amebeba 43.

Nilipokuwa daktari mwanagenzi mwaka 2005, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilikuwa chini ya daktari mpasuaji aliyekuwa akitupa faili sakafuni mbele ya wagonjwa ili tuinamie tuziokote. Usiku mmoja aliletwa mama mwenye maumivu ya tumbo. Sikuwa na hakika na ugonjwa wake. Nilishika simu nimpigie mkubwa wangu, nikaiweka. Nilikumbuka alivyonitukana juzi yake kwa kumwamsha bure. Nilingoja kwa saa nne. Asubuhi utumbo wa yule mama ulipatikana umetoboka. Alipona, lakini alilala hospitalini wiki tano badala ya moja, na hadi leo nikisikia simu ya usiku namkumbuka.

Kwa hiyo nilimwuliza kijana swali ambalo hakuna aliyemwuliza: "Je, kuna kosa unalolificha?"

Lilikuwapo. Siku nne kabla alikuwa amegundua kwamba sehemu aliyoiandika ilikuwa ikiwakata baadhi ya wateja malipo mara mbili. Hakumwambia mtu. Alikuwa akikesha hadi saa kumi usiku akijaribu kuirekebisha peke yake kimyakimya, huku akitafuna miraa ili asisinzie. Watu walikuwa wakiendelea kukatwa pesa zao.

Amy Edmondson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliwahi kuchunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali, na matokeo aliyachapisha mwaka 1996. Alitarajia kwamba vikundi vinavyoelewana vitakuwa na makosa machache. Alikuta vimeandikisha makosa mengi zaidi! Baadaye alielewa sababu: katika vikundi hivyo watu hawakuogopa kusema. Kwingine makosa yalikuwa yakifichwa. Ndiyo maana sichukulii wenzako wagumu kuwa jambo dogo la ofisini.

Nilimwambia kesho yake asubuhi, kabla ya chai, aende kwa msimamizi (si kwa yule mkali) aseme mambo matatu: ni nini kimetokea, tangu lini, na wangapi wameathiriwa kadiri ajuavyo. Asianze kwa kujitetea na asijipige kifua kwa majuto. Alidhani atafutwa. Msimamizi alimshukuru, akaita watu wawili wamsaidie, na kazi iliyomshinda kwa siku nne ikamalizika saa nane mchana.

Unapoanza

Ikiwa unaanza kazi ya namna hii wiki ijayo, siku ya kwanza mwulize msimamizi wako jambo moja: mwisho wa mwezi huu angependa kuona umefanya nini? Liandike jibu lake. Wageni wengi hujitesa kwa kujipimia kipimo ambacho hakuna aliyewawekea.

Kuhusu maswali, jipe nusu saa ya kujaribu mwenyewe. Ikipita, uliza, na unapouliza eleza ulichojaribu na ulipokwama. Anayeulizwa hivyo huona unathamini muda wake. Jibu liandike katika daftari, kwa maana kinachowachosha wenyeji ni swali lile lile mara ya tatu. Pia tafuta mapema mtu mmoja mpole. Katika kila ofisi yupo, na mara nyingi si yule anayezungumza sana mikutanoni.

Ukiandikiwa maneno makali usijibu papo hapo. Ondoka kitini, nenda ukanywe maji, urudi baada ya dakika ishirini wakati moyo umetulia. Jibu lile lenye maana katika maneno yake na uliache tusi lilipo. Likirudiwa, mwendee mkiwa wawili. Kijana wangu tulimfanyia mazoezi ya maneno haya, akayasema mara tano ofisini mwangu kabla sauti yake haijaacha kutetemeka: "Kaka, nimefaidika na ulichonionyesha kuhusu malipo. Lakini ukiniandikia mbele ya wote kwamba kazi yangu ni takataka, nashindwa kufanya kazi siku nzima. Naomba makosa yangu uniambie wazi wazi, bila kunitukana." Huna haja ya kuongeza kitu. Useme, unyamaze, umngoje.

Wapo wagumu wa aina nyingine. Yupo asiyejibu maswali: mwulize kwa maandishi, na umpe siku ya kujibu. Yupo anayejipatia sifa kwa kazi yako: zoea kumwandikia msimamizi kila Ijumaa mistari mitatu ya ulichofanya. Msengenyaji mpe salamu tu.

Uonevu ukiendelea, andika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na waliokuwapo, kisha peleka kwa msimamizi, na asipochukua hatua, kwa afisa wa masuala ya wafanyakazi. Wanawake huniambia kwamba kwao matusi ya kazi huchanganywa na ya mwili, na mialiko wasiyoitaka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na taarifa rasmi ya kuzuia unyanyasaji wa kingono kazini. Iulize. Sheria hiyo hiyo inasema kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita, kinaweza kuongezwa miezi mingine sita kwa ridhaa yako tu, na upande wowote unaweza kuuvunja mkataba huo kwa ilani isiyopungua siku saba. Yaani kuondoka kwa heshima kunawezekana, hakuna haja ya kutoroka. Na ukiwa umemaliza miezi miwili mfululizo kazini una haki ya likizo ya ugonjwa: siku saba kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara katika mwaka, mradi uwe na cheti cha daktari.

Usingizi, miraa na saa za kazi

Mgeni hutaka kuonyesha bidii kwa kukesha. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitangaza mwaka 2021 kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kupatwa na kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wanaofanya saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo iliyo juu kwa asilimia 17. Isitoshe, mtu asiyelala hukasirika upesi, na mzaha wa kawaida huuona kuwa tusi.

Miraa, vinywaji vya kuongeza nguvu na kahawa ya usiku huharakisha moyo na kupandisha presha. Nusu ya kafeini ya kikombe cha saa kumi jioni huwa bado iko mwilini mwako saa tatu usiku. Kijana wangu alipoacha miraa na kuhamisha kahawa hadi asubuhi, moyo uliacha kumwenda mbio kitandani katika muda wa siku nane. Pombe ya Ijumaa ya "kusahau ofisi" huleta usingizi usio na faida. Kuhusu macho, tunapoitazama kompyuta tunasahau kupepesa. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20, na saa ya chakula toka nje utembee.

Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limeeleza wazi ile hali ya kuishiwa nguvu kwa sababu ya kazi: uchovu usioisha, moyo kuichukia kazi, na kujiona hufanyi lolote la maana. Si ugonjwa kwa maana yake kamili, lakini ukiipuuza huweza kukufikisha kwenye sonona, ambayo ni ugonjwa na ina tiba.

Usilaumu kazi kwa kila kitu. Kinyesi cheusi kama lami, kutapika damu, kukonda bila sababu, chakula kukwama kooni, au maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi na kukutoa jasho, hayo ni ya hospitali leo hii. Kadhalika, ukikosa usingizi na hamu ya chakula kwa zaidi ya wiki mbili, au ukijikuta unafikiri kwamba heri usingekuwapo, mwambie mtu wa karibu na uende hospitali yoyote siku hiyo hiyo. Usiogope polisi. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba.

Kijana wangu alirudi mwezi Agosti, safari hii akimleta mama yake ambaye presha yake ni ya kweli. Alikuwa ameajiriwa rasmi. Nilimwuliza habari za yule mkongwe. Akasema hamtukani tena kwa maandishi, ingawa bado hamsalimii asubuhi, na wiki iliyopita alimwomba amkagulie kazi yake.

"Ukapata makosa?"

"Mawili, daktari. Nilimwandikia."

"Ulimwandikiaje?"

Alicheka, akamsaidia mama yake kukunja mkono wa sweta ili nimfunge kifaa cha presha.